Darasa letu tunahitimu, nimebebeshwa risala na kila mtu anakumbuka yake, nifanyeje?

kalamu_ya_lazima:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada ila msinicheke. Wiki tatu zijazo darasa letu tunahitimu, miaka minne tumekaa pamoja, watu 38, na mimi nimebebeshwa risala kisa eti nilikuwa naandika insha ndefu (mwalimu alikuwa anazikata nusu, hilo hawalikumbuki). Nikaomba kwenye grupu kila mtu anitumie kumbukumbu moja tu anayoipenda. Yani nimejuta. Nimeletewa matukio yale yale sita, na kila mtu na vesheni yake.

Mfano ishu ya dirisha. Mwaka wa pili kuna mtu alipiga mpira ukavunja kioo cha darasa, tukaulizwa ni nani, kimya, basi tukafagia uwanja darasa zima wiki nzima. Siku ile hakujitokeza hata mmoja. Leo wamejitokeza wanne, kila mmoja anaapa ni yeye na mashahidi anao 😂 Na mimi mwenyewe nakumbuka vizuri kabisa, nilikaa dawati la tatu upande wa ukutani, nikasikia kioo, nikageuka nikamwona jamaa mmoja mrefu anatimua mbio, na hayumo kati ya hao wanne!

Sasa niandike ya nani? Halafu na yale mabaya niyaseme au niimbe tu kwamba tulipendana? Maana hatukupendana hivyo jamani, mwaka wa tatu tuligawanyika makundi mawili hatusalimiani kwa sababu ya umonita.

dawati_la_nyuma:
Mkuu mbona risala umeshaiandika, "siku ile hakujitokeza hata mmoja, leo wamejitokeza wanne", isome hivo hivo uone ukumbi utakavyolipuka. Usimchague mtu. Ukimchagua mmoja wale watatu watanuna mpaka uzeeni.

saiko_wa_mwisho:
Mi nasoma saikolojia, ngoja nikwambie kitu kitakachokuumiza kidogo: hata wewe usijiamini. Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka kule Marekani, mtaalamu mmoja anaitwa Ulric Neisser na mwenzake wakawahi kesho yake asubuhi wakawapa wanafunzi wa chuo karatasi, andikeni mlikuwa wapi, mlisikia kwa nani, mlikuwa mnafanya nini. Baada ya kama miaka miwili na nusu wakawatafuta tena, wakawapata 44, wakawauliza yale yale. Wengi majibu yakawa hayafanani na ya mwanzo, na walikuwa wanayasema kwa kujiamini kweli kweli. Wakaonyeshwa karatasi zao, mwandiko wao wenyewe, na bado kuna waliong'ang'ania kumbukumbu mpya. Kwa hiyo hao wanne wako huenda hata mmoja hadanganyi. Mtu akishaisimulia stori mara kumi, ile aliyoisimulia ndo inabaki kichwani, ile iliyotokea imeshaondoka zake.

Na kingine, hiki ni cha kufanya leo leo. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti wa watu 392 waliomaliza sekondari huko Marekani, wengine wamemaliza juzi wengine karibu miaka 50 nyuma. Ukiwaonyesha picha za darasa wachague nani walisoma naye, walipatia kama 90% hata ikiwa imepita miaka 30 na kitu. Ila ukiwaambia haya tajeni majina bila kuwaonyesha chochote, hapo waliyumba vibaya. Sura inabaki, jina linapotea. Sasa zile picha zenu andikeni majina kuanzia kushoto kwenda kulia, kila mstari, wakati bado kila mtu anamjua kila mtu. Na muombe faili halisi kwa aliyepiga, maana picha ikizungushwa kwenye magrupu inabanwa inakuwa ndogo, ukija kuivuta baadaye sura zote ukungu mtupu.

mwl_chaki_nyeupe:
Mwanangu mimi ni mwalimu, risala nimezisikiliza nyingi kuliko unavyodhani na nyingine nimezisikiliza nimefumba macho. Kinachoziua ni kitu kimoja: zinamhusu kila mtu kwa hiyo hazimhusu mtu. "Tulipitia milima na mabonde", haya, mlima upi? Niambie nani alikuwa anachelewa kila siku na sababu ni ile ile, nani alikuwa anakopa kalamu asirudishe. Kitu kidogo chenye ncha.

Ule ugomvi wa umonita usiufiche, ila sema tulikosana, usiseme nani alimkosea nani, maana wewe mwenyewe ulikuwa kundi mojawapo (usibishe, najua). Majina ya utani muulize mwenyewe kwanza, kuna jina mlilicheka miaka minne na mwenyewe hakucheka hata siku moja. Halafu pima muda, mtu akisoma kwa utulivu anamaliza kama maneno 120 au 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni maneno mia sita na kitu, usije na kurasa nane ukatuchosha.

Na hao 38, waliokutumia kumbukumbu ni wangapi? Naamini ni wale wale waongeaji.

kalamu_ya_lazima:
Shikamoo mwalimu. Dah. Nimehesabu, ni 14. Na kweli ni waongeaji 🙈 Na kundi umepatia pia.

nilihama_mapema:
Naomba niingilie. Mimi darasa letu lilipohitimu sikuwepo, nilihamishwa baada ya mwaka wa pili, mambo ya nyumbani tu. Picha zao niliziona kwenye simu ya mtu. Ukweli sikuwa na kinyongo, ila nilivyosikia "sisi tulioanza pamoja tukamaliza pamoja" nikajiuliza sasa mimi nilianza na nani. Kwenu hakuna aliyeondoka katikati? Uliza tu.

dawati_la_nyuma:
@nilihama_mapema pole sana aisee, sijawahi kuliwaza hilo

kalamu_ya_lazima:
Nimerudi, na nimerudi na aibu. Baada ya comenti ya saiko nikasema ngoja nimkomeshe, nikashusha begi la madaftari ya zamani nitafute ushahidi kwamba siku ya dirisha niliona kwa macho yangu. Mwaka wa pili tulikuwa tunaandika tarehe juu ya kila somo, mwalimu wa hesabu alikuwa mkali sana kwa hilo. Nikaipata ile wiki. Wakuu, mwandiko sio wangu.

Kurasa sita, masomo yote, mwandiko mdogo umelala kulia, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa rula. Ndo nikakumbuka: wiki ile niliumwa, nilikuwa nyumbani. Dirisha sikuliona, kioo sikukisikia, na yule jamaa mrefu sijui hata nilimtoa wapi. Kufagia uwanja nilifagia siku moja tu ya mwisho niliporudi. Miaka yote hii nasimulia kitu nilichosimuliwa!

Na mwandiko nimeujua. Ni wa dada mmoja alikuwa anakaa mbele karibu na mlango, mkimya, alihama mwaka wa pili ulipoisha. Hayupo kwenye grupu. Hayupo kwenye picha hata moja niliyotumiwa. Kwenye zile kumbukumbu 14 hakuna aliyemtaja, na mimi nisingemtaja vilevile. Sikumbuki kumuomba aninakilie, sikumbuki kama nilimshukuru, nahisi sikumshukuru.

Nimebadilisha mpango, nawapigia wale 23 waliobaki mmoja mmoja, sio meseji, nimeshaongea na tisa na wana mambo hao watu, kuna mmoja ameniambia yeye ndo alikuwa anamwagilia ule mti wa nyuma ya darasa, sisi tulidhani unajiotea tu. Namba ya yule dada nimeipata jana kupitia kwa mdogo wake. Nimempigia picha ukurasa mmoja nikamtumia, nikamuuliza kama naweza kumtaja. Mpaka sa hivi tiki moja.

mwl_chaki_nyeupe:
Marahaba mwanangu. Asipojibu usimtaje kwa jina. Mwandiko utaje.

dawati_la_nyuma:
Sawa yote nimeelewa ila dirisha alivunja nani sasa