Mwalimu achekwe runingani, au aachwe na heshima yake?

Mwalimu wa Langoni (mfungua mjadala)

Assalamu alaykum jamaa. Juzi baada ya Isha, hapo Mkunguni mbele ya Ngome, palizuka ubishi hata dhumna zikasahaulika. Vijana wa Wiyoni wanataka kutengeneza vichekesho vya runinga kuhusu walimu wa hapa Amu (Lamu), kisiwa chetu cha punda, si cha magari. Mzee wetu mmoja akasema hilo likifanyika, mtoto hatamwamkia mwalimu tena. Akamalizia: “Hata Wamarekani walijaribu, na kipindi kikafa.”

Ni kweli kilikufa. Kiliitwa Teachers. NBC, kituo cha runinga cha Marekani, walikianza tarehe 28 Machi 2006, kila Jumanne saa tatu na nusu usiku, na tarehe 2 Mei kikaonyeshwa mara ya mwisho. Sehemu sita, basi. Lakini mzee ameokota ushahidi wa kweli akaupeleka kwenye kesi siyo. Kipindi kile hakikufa kwa kumvunjia mwalimu heshima. Kilikufa, kwa maoni yangu, kwa kuwa hakikuwa na mwalimu ndani. Mlikuwa na kijana Jeff, aliyechezwa na Justin Bartha, anamwandama mwenzake Alice. Shule ilikuwa pazia la nyuma tu. Ihamishe hadithi ile benki au hotelini, mizaha yote inabaki vilevile.

Sasa njooni chumba cha walimu ninachokijua mimi. Diputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, ana kabati la chaki, na ufunguo anautia mfukoni pamoja na tasbihi yake. Ukimwomba chaki anakukatia nusu, anakutazama, kisha anaikata tena. Mwaka mmoja tuliletewa mwalimu kutoka bara. Alishuka kwenye boti suruali imelowa hadi magotini, vyeti vyake kaviinua juu ya kichwa, swali lake la kwanza: “Stendi ya matatu iko wapi?” Hakuna aliyemcheka mbele yake. Tulingoja aende kuoga.

Hivyo ndivyo vichekesho vya walimu. Nani anabisha?

Nahodha wa Faza

Nabisha mimi. Maalim, unatafuta kosa kwenye hadithi na kosa lilikuwa kwenye saa. Jumanne zile Fox, kituo pinzani, walikuwa na American Idol, shindano la waimbaji, halafu saa tatu House, tamthilia ya daktari. Sehemu sita kipindi kitajijengeaje watazamaji kwa saa kama hiyo? Jahazi jipya hulihukumu kwa safari moja, tena ya kusi? Kingepewa mwaka mzima tungezungumza mengine.

Bint Mkomani

Nahodha, ubao ukivuja unavuja hata kwenye kaskazi.

Mimi nasema kosa lilianza kwenye kunakili. Wamarekani walikichukua kwa Waingereza. Kile cha kwanza, cha jina hilohilo, kilikaa Channel 4, runinga ya huko kwao, tangu 2001 hadi 2004, mwanzoni Andrew Lincoln akiwa mwalimu Simon. Walimu wake walikuwa wakaidi kuliko wanafunzi, wanavuta sigara kwa kujificha kama watoto wa darasa la saba. Na ndani ya ile shule punda walikuwa wakipita ukumbini na hakuna mtu anayewataja! Nilipoona hilo nikasema huyu aliyetunga ana jamaa zake Amu. Wamarekani wakachukua jina na chumba cha walimu, wakaacha wazimu wote. Ni kama kumpara samaki ukatupa na nyama, ukabaki kuuza miiba.

Mzee wa Mkunguni

Mimi ndiye ninayesemwa hapo juu, na sijaona haya.

Mnazungumzia saa na punda. Nimesoma kwa maalim ambaye hata akipita upande wa pili wa njia tulikuwa tunavua kofia. Leo mwalimu ni nani? Nchi hii asubuhi nzima ilikuwa ikimcheka Mwalimu King'ang'i, yule mchekeshaji wa kwenye redio. Mjukuu wangu alikuwa akimwiga mezani. Mkishamwonyesha mwalimu anagombania chaki, mzazi gani atampeleka mtoto kwake kwa unyenyekevu?

Mwalimu wa Langoni

Shikamoo mzee wangu. Ulipouliza “leo mwalimu ni nani” umenichoma, sitaficha.

Ila King'ang'i alichekesha kwa lafudhi. Lafudhi ungeweza kumpa daktari au chifu, watu wangecheka vilevile. Ni kosa lilelile la NBC, ijapokuwa yeye alifanikiwa. Tazama Abbott Elementary, kichekesho cha walimu wa shule ya msingi kilichoanza Desemba 2021 kwenye ABC, kituo kingine cha Marekani. Quinta Brunson aliyekibuni ni mtoto wa mwalimu wa Philadelphia, na jina la kipindi amelitoa kwa mwalimu aliyemfundisha utotoni. Sehemu ya kwanza nzima inahusu nini? Zulia la darasani. Mwalimu anatafuta zulia jipya na fedha hakuna. Unacheka, halafu unamwonea huruma, halafu unakumbuka zulia la mtoto wako. Mwaka 2022 akapata Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya uandishi. Walimu hawakudharauliwa kwa hilo, mzee. Aliyeaibika ni asiyeleta zulia.

Nahodha, saa mbaya nakubali iliwaumiza. Sikubali kwamba ndiyo iliyowaua.

Nahodha wa Faza

Abbott nacho kingewekwa mbele ya House tungeona.

Mzee wa Mkunguni

Zulia nimelielewa. Kupanda boti na vyeti kichwani pia nimekuelewa, nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini nauliza jambo moja na nijibiwe: huyo diputi wa chaki, atajijua?

Mwalimu wa Langoni

Atajijua, mzee. Amestaafu, nyumba yake iko hatua kumi kutoka kwangu.

Kijana wa Wiyoni

Shikamooni wote. Tumesoma. Diputi tumeshamwendea jana alasiri. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakubali kwa sharti moja, acheze mwenyewe, maana hakuna mwingine ajuaye kuikata chaki sawasawa. Tunaanza kupiga picha Jumamosi saa mbili asubuhi. Punda tunaye. Chaki ndiyo hatuna, na yeye amekataa kutoa zake.