Wakuu, nawezaje kuoanisha rangi ya mpingo wa vipande viwili tofauti? Kibweta cha tatu kimenikwamisha

Mkerezaji wa Tanga
Habari za jioni wanajamvi. Mimi nakereza mbao hapa Tanga; kazi zangu za kila siku ni miguu ya meza, nguzo za ngazi na vitanda. Safari hii nimechukua kazi ya vibweta vitatu vya mpingo. Ni vya mviringo, urefu sentimita 11 pamoja na kifuniko, upana sentimita 7 na nusu. Kifuniko ni cha kuba chenye kinundu juu, ukuta milimita 3, kiunoni kuna mistari mitatu ya kukerezwa. Hakuna bawaba, kifuniko kinashika kwa kubana tu.

Viwili vimetoka vizuri mno. Ukivuta kifuniko, kinatoa pumzi. Cha tatu imebidi nitumie mpingo wa kipande kingine, na rangi inakataa. Ule wa kwanza ni mweusi tii, huu una hudhurungi inayoelekea zambarau. Nimewaza rangi ya viatu, nimewaza wino, nimewaza misumari iliyolowekwa kwenye siki. Nani amewahi kufanya hili likadumu? Kazi inatakiwa wiki ijayo na usingizi sina.

Mzee wa Randa
Kijana, mpingo haupakwi rangi. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukiitupa kwenye ndoo ya maji inazama, na ina mafuta yake yenyewe. Rangi itakaa juu juu, mteja ataifuta kwa kiganja. Ukitaka huo wa hudhurungi uwe mweusi zaidi, upake mafuta na nta, uachie mwanga ufanye kazi. Ila wiki moja haitoshi.

Sisi tulijifunzia mashine ya kukanyaga kwa mguu. Fundi wangu alikuwa anasema mpingo unataka patasi kali na subira, ukikosa kimoja nenda kakereze mwembe. Ukiona patasi inatoa unga badala ya nyuzi, simamisha mashine uinoe. Na msasa usiukandamize: ile joto yake inafanya vinyufa vidogo vidogo usivyoviona leo, unaviona mteja akishaondoka.

Chale wa Newala
Umetaja rangi ya viatu nikashtuka. Ndugu, huo ndio mchezo wanaowafanyia watalii: mti mweupe unachongwa, unapakwa kiwi, unaitwa mpingo. Mimi nimezaliwa kwenye uchongaji, wazee wangu wamekula na kusomesha kwa mpingo wa Nachingwea. Kila kinyago cha uongo kinachouzwa kinamharibia soko mtu anayekaa miezi na gogo moja. Tafadhali usianze.

Msafiri Leicester
Huku Uingereza kuna watu wana mapenzi na mpingo wetu hadi unashangaa. Familia ya Holtzapffel ilianza kutengeneza mashine za kukerezea nakshi hapo London tangu miaka ya 1790, na mpaka leo wanaozitumia wanautaja mpingo kuwa mbao bora kuliko zote kwa nakshi, kwa sababu ukingo unabaki mkali na haupukutiki. Mkuu, picha ya vile viwili tafadhali!

BintiKilwa
Nimesoma mara mbili. Fundi, kwa nini umetumia kipande kingine? Kile cha kwanza kilikuwaje?

Mkerezaji wa Tanga
Kilipata hitilafu kidogo. Naomba tubaki kwenye rangi, wakuu. Mzee wa Randa shikamoo, mafuta gani unashauri?

Nassor wa Muscat
Kabla ya mafuta, hivyo vibweta vinasafiri? Miti karibu yote ya jamii ya Dalbergia, na mpingo umo, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu Januari 2017. Mwaka 2019 wakalegeza: ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa, na vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 kwa mzigo navyo vikaachwa. Kwa hiyo vibweta vitatu havina shida, lakini ukituma mbao ghafi bila kibali utakwama. Nimeona watu wanalia uwanja wa ndege.

Mkerezaji wa Tanga
Havisafiri. Mteja yupo hapahapa.

BintiKilwa
Hitilafu gani? Nauliza kwa sababu kama kimepasuka, tukijua kilichokipasua tutajua kama hicho kipande kipya nacho kitapasuka. Mbao ilikuwa kavu? Umeinunua lini?

Mkerezaji wa Tanga
Sawa. Ni ufa. Umeanzia kwenye kiini, umetoka kama nyota. Ukavu si tatizo kabisa, ile mbao ni kavu kuliko mbao zote nilizowahi kushika. Ina zaidi ya miaka sitini.

BintiKilwa
Mpingo wa miaka sitini unaupata wapi wewe unayechonga miguu ya vitanda?

Mkerezaji wa Tanga
Haya, naeleza. Sikununua, kaleta mteja. Ni mchi wa kutwangia, wa bibi yake. Huyu mama ana mabinti watatu na mchi ni mmoja, haugawanyiki, kwa hiyo akataka kila binti apate kibweta kilichotoka kwenye mchi uleule. Nimekata kwa idhini yake. Viwili viko sawa. Cha tatu, nilipokikata nikaukuta huo ufa, usingeweza kuuona kwa nje.

Nilichoamua ni hiki: kipande cha tatu nitoe kwenye mpingo nilionunua, kifanane na wenzake, nikabidhi vitatu. Kumwambia ni kumvunja moyo bure. Mpingo ni mpingo. Advansi nimeshaitumia kununulia taya mpya za mashine, nisingeweza kufanya kazi bila hizo. Ndiyo maana nauliza rangi.

Mama Swaumu
Subhanallah! Mchi wa bibi! Sisi kwetu mchi wa marehemu haukatwi kabisa, unakaa nyuma ya mlango. Mama yangu alitwangia mpunga wa harusi za dada zangu wote kwa mchi mmoja. Huyo mteja wako naye angewanunulia mabinti dhahabu tu.

Chale wa Newala
Mama, mwenye mchi ameridhia, hilo limekwisha. Lililobaki ni hili la kubadilisha mbao kimyakimya. Hilo ni kiwi ileile niliyoisema, tofauti ni kwamba huyu si mtalii.

Dogo Janja wa Karakana
Mimi namuelewa fundi. Ukimwambia mteja ufa, kesho anataka hela yake. Karakana ina kodi, ina umeme. Hizo fadhila waandike wenye mishahara.

BintiKilwa
Dogo, mfikirie huyo binti wa tatu. Dada zake wameshika mbao iliyoshikwa na bibi yao, yeye kashika mbao ya dukani na anaambiwa ni ileile. Siku atakayokuwa na shida ataifungua na kuongea nayo. Mimi nina kanga ya mama yangu, imetoboka, siibadilishi na mpya hata ukinipa jora zima.

Mkerezaji wa Tanga
Dada, naheshimu. Lakini kibweta kizuri kisicho na ufa si bora kuliko kibovu cha kweli? Nimekaa na hili siku nyingi. Nipeni rangi tu.

Jicho la Tai
Naomba nisimame hapa. Mchi wa kutwangia una zaidi ya mita moja. Kibweta ni sentimita 11. Hata ukihesabu inayoliwa na msumeno na inayoshikwa na taya, mchi mmoja ungetoa vibweta saba au nane. Huyu vitatu tu kaishiwa? Tena mchi ninaoujua mimi unakamatika kwa kiganja, huo upana wa sentimita 7 na nusu umetoka wapi? Na picha aliombwa hajaleta. Hii hadithi imetungwa, wakuu. Tumeshaona humu uzi wa machozi unaoishia kwenye tangazo la biashara.

Dogo Janja wa Karakana
Duh. Kweli bwana, hesabu inakataa.

Mzee wa Randa
Kijana, nimekuandikia kwa moyo mweupe, macho yangu yenyewe haya ya miwani. Kama umetunga, sema nikalale.

Mkerezaji wa Tanga
Sikutunga. Mzee, naapa. Picha siweki kwa sababu mama huyu anajulikana mtaani na hajaambiwa kitu; akiiona huku kabla sijamwambia nitakuwa nimemkosea mara mbili.

Kuhusu urefu: ule mchi ulivunjika zamani. Upande mmoja ulishapikiwa kama kuni. Alichoniletea ni kipande kama cha nusu mita. Katikati pa kushikia pamelika kwa mikono, ni pembamba, hapafai. Kichwa cha kutwangia ndicho kinene, na ndipo nilipotoa vipande vitatu. Ufa uko kwenye hicho cha tatu, cha nchani kabisa, ambacho kilikuwa kinagonga kinu.

Chale wa Newala
Hapo ndipo nimemwamini. Ncha ya kutwangia inapigwa kila siku na inalowa kila siku, maji yanaingilia kwenye nyuzi zilizokatwa, ikikauka inachanika kuanzia kiini kwenda nje. Mtu anayetunga angeuweka ufa popote. Huyu kauweka mahali pake.

Jicho la Tai
Au ni mtunzi hodari. Nabaki na shaka yangu.

Mzee wa Randa
Baki nayo, mimi naendelea. Kijana, kile kipande bado unacho? Pima ufa kuanzia kwenye kiini kwenda nje, uniambie milimita.

Mkerezaji wa Tanga
Ninacho, sijakitupa. Mikono ya nyota ni minne. Mitatu haifiki milimita 25. Mmoja umefika 30.

Mzee wa Randa
Sasa nisikilize. Upana wako ni milimita 75, kwa hiyo kutoka kiini hadi nje ni 37 na nusu. Ukuta ni 3. Ina maana kila kilicho ndani ya milimita 34 unakitoa kama unga, na ufa wako wote umo humo! Ukuta ni mzima. Kiini kinabaki sehemu mbili tu: kwenye kitako na kwenye paa la kifuniko. Hapo ndipo ulipoogopea.

Basi usiache kitako. Kitoboe kipande mpaka kipenye, kibaki bomba. Anza na tundu dogo la drili katikati, taratibu, uvute drili nje mara kwa mara isipate joto, kisha fungua kwa patasi toka katikati kwenda nje. Uache ukuta mnene kwanza, kama milimita 6, kikae siku kadhaa kitulie, ndipo umalizie. Chini na juu utie diski za mbao nyingine, uzikatie kijingo (ngazi ndogo ukingoni) zikae ndani, na kwenye maungio ukereze mfereji mwembamba. Jicho litaona nakshi, halitaona kiungo. Supaglu iguse kidogo tu, na kama kuna ugozi mweupe (ile mbao changa ya nje) pembeni upake nta kwanza, supaglu inautia doa.

Vumbi lake usivute, vaa barakoa. Vumbi la mpingo linakera ngozi na kifua, mimi ninakohoa mpaka leo.

Msafiri Leicester
Mzee umemaliza. Diski ziwe za mninga: hauchezi sana na hali ya hewa, na wekundu wake juu ya weusi unapendeza. Mafundi wa klarineti nao mpingo unawapasukia hata baada ya kuukausha miaka, kwa hiyo usijilaumu.

BintiKilwa
Na vile viwili vya kwanza angalia vitako vyake, navyo vina kiini. Na mteja je?

Mkerezaji wa Tanga
Nimeangalia usiku huu kwa tochi, ni vizima. Dada, bado naona angeumia. Lakini diski zikionekana atauliza, na sitakuwa na jibu jingine. Nitampigia asubuhi.

Mkerezaji wa Tanga
Nimempigia. Hajataka hela. Kauliza diski za mbao gani, nikamwambia mninga. Akasema kinu chenyewe kipo Pangani, kimepasuka, kinakaa uani, je, hakifai? Analeta kesho kutwa. Mbao yake siijui, anasema ni nzito na nyekundu ndani. Wakuu, kimenyeshewa miaka. Nifanyeje?

Jicho la Tai
Sasa na kinu kimetokea!

Mzee wa Randa
Omba wiki tatu zaidi. Acha sehemu iliyooza, chukua iliyo karibu na kitako cha kinu, pasua diski nene za milimita 12, zipange ndani kivulini zipitiwe na upepo, usizianike juani. Zipime kwenye mzani wa duka kila baada ya siku mbili. Uzito ukiacha kushuka, ndiyo ukereze.

Mkerezaji wa Tanga
Wiki tatu amekubali. Mzani nitaazima kwa jirani muuza dagaa.