Chumvi ya sufuria moja baada ya mzee kupata kiharusi

Swali

Wakuu, salaam. Baba karuhusiwa hospitali wiki hii. Daktari kasema ni kiharusi cha muda, kile kinachopita ndani ya saa chache, na chanzo ni presha. Kaagiza chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Nyumba ina watu watano, tunapika sufuria moja. Gramu hizo nazipimaje? Na nifanyeje ili watu wasisusie chakula?

Mzani_Jikoni

Pole kwa mzee. Usipime kwa mlo, pima kwa wiki. Katika zile gramu 5 (ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima), acha 2 kwa mkate na vitu vya pakiti ambavyo tayari vina chumvi. Zinabaki 3 za kupikia. Watu 5 kwa siku 7 ni gramu 105. Zitie kwenye chupa ndogo Jumapili, pakiti uifiche. Huna mzani? Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu ni gramu 5 hadi 6, kwa hiyo vijiko 18. Chupa ikikauka Alhamisi, utajua unapikia kiasi gani kwa kweli.

Usikate yote siku moja. Wiki ya kwanza pima mnachotumia sasa, halafu punguza robo kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea, ila huchukua wiki kadhaa.

Sodiamu

Hapo kwenye kupunguza polepole sikubaliani. Mzee mwenye presha na kiharusi hawezi kungoja miezi miwili. Pika sufuria kwa kipimo chake kuanzia leo, wengine waongeze mezani kwenye sahani zao. Chumvi iliyo juu ya chakula huonekana kali kuliko iliyochemkia ndani, kwa hiyo anayenyunyiza mara nyingi hutumia kidogo kuliko ile uliyoiondoa. Na wewe tia yako mwisho, moto ukishazimwa.

Kinachoharibu hesabu ni chumvi isiyoitwa chumvi. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi, sehemu kubwa ni chumvi. Sosi ya soya, kijiko kimoja cha chakula kina sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha) karibu miligramu 900. Soda ya kuokea wanayotia kwenye maharage ili yaive haraka: kijiko cha chai kina miligramu 1,200 na ushei, sawa na gramu 3 za chumvi, na ulimi hauitambui kama chumvi. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Hata dawa za maumivu zinazochemka kwenye glasi ya maji huwa na sodiamu nyingi. Amuulize mfamasia zile za kawaida.

Kwenye lebo, zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Ikizidi miligramu 600 za sodiamu kwa gramu 100, rudisha rafuni.

Muuliza swali

Asante sana. Vidonge vya mchuzi tunatia viwili kila siku, kumbe! Nimeona pia chumvi ya potasiamu inasifiwa kwa wagonjwa wa presha. Ninunue?

Mama Vipimo

Usinunue kabla hujauliza, mwanangu. Kama figo zake ni dhaifu, au anameza enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Daktari aangalie damu kwanza. Na kama kapewa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, usimjazie mboga za majani kwa ghafla kwa sababu umesikia ni nzuri: vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Kiasi kiwe kilekile wiki hadi wiki, na kliniki wajue.

Ladha ya kuziba pengo: kaanga kitunguu kwa moto mdogo dakika 15 mpaka kiwe kahawia, si cheupe. Tangawizi na kitunguu saumu viingie hapo, limau likamuliwe mezani. Limau likichemka sana, harufu yake hupotea.

Vidonge vya presha asiache hata vipimo vikishuka. Apimwe akiwa ameketi dakika 5, mkono umeegemea meza usawa wa moyo, mara mbili kwa kupishana dakika moja. Andikeni zote mbili.

Mzani_Jikoni

Sodiamu kanishinda kwenye hilo la mgonjwa, nakubali. Chupa ya gramu 105 ibaki, ila ya mezani nayo itoke humohumo.