Tupeane uzoefu: Stars ikipiga kambi Mwanza kabla ya AFCON 2027, nini kiandaliwe?

Mwana_Kirumba
Mwangaluka wadau. AFCON 2027 inachezwa kwetu, Kenya na Uganda. Tuseme Taifa Stars wanaletwa hapa kandokando ya ziwa kwa wiki tatu. Nani anajua kazi ya kambi? Nyasi, jiko, tiba, mbinu, chochote. Weka vipimo, weka kiasi, sema kinachoharibika na kwa nini. Zile za "mimi enzi zangu nikikipiga namba 6" zina uzi wake, msizilete huku.

Fundi_Ukoka
Naanza na uwanja, maana kila mtu hukumbuka jezi kwanza na nyasi mwisho.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu yake ni lita 7,140. Sasa mtu anakuletea boza moja la lita 10,000 anasema "tumemwagilia". Hiyo ni milimita 1.4, vumbi limelala, mzizi haujaonja kitu. Kiangazi hiki chetu cha Juni hadi Agosti, ukoka unataka milimita 5 hivi kwa siku, yaani lita 35,700. Ukipiga hesabu ya maboza utaona kwa nini pampu na tenki ni lazima. Ukivuta maji ziwani, weka chujio kwenye mdomo wa bomba na lisafishwe kila siku. Mizizi ya magugu maji na ule ukijani wa mwani huziba vinyunyizio, na kinyunyizio kikiziba kimoja tu unapata duara la njano ambalo mpira ukilifikia unabadili mwendo.

Kukata: usiondoe zaidi ya theluthi ya jani kwa mkupuo. Nyasi za milimita 40 zishushe hadi 28, zipe siku tatu, ndipo uende 25. Ukirukia 25 siku hiyo hiyo uwanja unageuka rangi ya mkeka na utakaa hivyo hadi timu iondoke.

Mbolea: gramu 2.5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, wiki mbili kabla timu haijafika. Urea ina 46%, hivyo uwanja mzima unakula kilo 39. Wengi humwaga mfuko wote wa kilo 50 "ili usibaki", halafu hawamwagilii hapo hapo. Matokeo yake nyasi zinaungua kwa mistari, unaona kabisa mtu alipopita.

Kingine, jueni udongo. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, maji yanapita haraka, mwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Kwenye udongo wa mbuga ni kinyume: ukizidisha unapata tope, ukiacha unapasuka, na ufa wa sentimita mbili unatosha kuvunja kifundo cha mtu.

Rock_City_Damu
Mkuu, si wafanyie Nyamagana tu? Kule ni nyasi bandia, hakuna mambo ya boza.

Fundi_Ukoka
@Rock_City_Damu kwa siku moja ya mvua sawa. Kwa wiki tatu hapana. Saa 8 mchana jua likiwaka nyasi bandia zinaweza kupita nyuzi 60, ukimwagilia zinapoa kama nusu saa kisha zinarudi pale pale. Mpira unadunda tofauti, na kuteleza kunachubua paja. Halafu wachezaji wanakuja na njumu zenye meno marefu ya uwanja laini, yananasa kwenye nyasi bandia, mwili unageuka, goti linabaki. Kama ni lazima, vaeni meno mafupi mengi, asubuhi kabla ya saa 3.

Mwl_wa_Viungo
Kuna imani mjini hapa kwamba Mwanza iko juu, hivyo wachezaji wakitoka huku watakuwa na mapafu ya Wakenya wa Iten, ule mji wa wakimbiaji kule milimani. Tuliweke sawa. Ziwa liko mita 1,130 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mwili hauanzi kuongeza damu ya maana mpaka ukae kuanzia mita 2,000 hivi, tena kwa wiki tatu au nne. Mwanza inakupa hali ya hewa ya wastani na asubuhi za baridi kiasi, basi.

Tatizo ni mechi zenyewe. Ukicheza Dar uko usawa wa bahari, joto na unyevu. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto: jasho linaanza kutoka mapema, maji kwenye damu yanaongezeka, mapigo yanashuka. Kwa hiyo wiki tatu zote zisiishie huku, siku 10 za mwisho ziwe Pwani. Ukicheza Nairobi uko juu ya mita 1,600, hewa nyepesi, mpira mrefu unakwenda mbali kuliko kipa alivyozoea. Makipa wapigiwe krosi na mashuti ya mbali hukohuko siku kadhaa kabla ya mechi, siyo saa moja ya kuonja uwanja.

Mzigo wa mazoezi sasa. Kambini wanaingia watu watatu: aliyecheza kila wiki, aliyekaa benchi, na aliyetoka majeruhi juzi. Kosa la kawaida ni kuwapa wote mazoezi mamoja. Wa kwanza anahitaji kupumzishwa siku tatu nne. Wa pili ndiye anayechanika msuli wa nyuma ya paja, kwa sababu hajakimbia kasi ya mwisho kwa miezi. Baada ya kila mechi ya kirafiki asiyecheza abaki uwanjani, mbio 4 hadi 6 za mita 30 au 40, apumzike dakika mbili kati ya mbio na mbio.

Yale mazoezi ya kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo ukashuka mbele polepole yanasaidia kweli, ila yaanze wiki ya kwanza, seti 2 za mara 5. Ukiyaanza siku tatu kabla ya mechi utaingia na watu wenye maumivu, maana kilele cha maumivu ni saa 48 hadi 72. Wiki ya mwisho punguza muda wa mazoezi karibu nusu, kasi iache ilivyo. Makocha wengi hufanya kinyume: wanapunguza kasi, wanaongeza vikao.

Na mizani! Mchezaji apimwe kabla na baada ya mazoezi, bila jezi iliyolowa. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho, arudishiwe lita 1.25 hadi 1.5. Mwenye kilo 75 akipoteza zaidi ya 1.5 kwa zoezi moja, hakunywa vya kutosha. Kinywaji hakihitaji kuagizwa nje: lita ya maji safi, gramu 60 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, limao kwa ladha.

Tabibu_wa_Visiwani
Kubwa kuliko yote: MCHEZAJI ASIINGIE ZIWANI. Najua picha zinavyopendeza pale kwenye miamba, na kuna kocha ataona maji yale yanafaa kupooza miguu. Kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya kando, vinapenya ngozi kwa dakika chache tu, na homa yake huja wiki 2 hadi 8 baadaye. Yaani ameogelea kambini, anaumwa katikati ya mashindano, na daktari wa timu anatafuta malaria. Aliyeingia aandikwe jina na tarehe. Dawa ya praziquantel haiui vijidudu vichanga vizuri, hivyo kumpa kesho yake hakutoshi, apimwe na kupewa wiki 6 hadi 8 baadaye.

Malaria: wanaocheza Ulaya miaka mingi wamepoteza kinga waliyokulia nayo, msiwahesabu kama wenyeji. Wakitumia doxycycline inaanza siku 1 au 2 kabla ya kufika na inaendelea wiki 4 baada ya kuondoka, na inafanya ngozi iungue na jua kirahisi. Vyandarua vyenye dawa hata kama hoteli ina kiyoyozi. Homa yoyote, kipimo kwanza.

Dawa za dukani zifungiwe. Vidonge vya mafua vingi vina pseudoephedrine, ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mechi ni kosa la dawa zilizokatazwa michezoni. Tramadol, ile ya maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu 1 Januari 2024. Sindano za kotikosteroidi (za kutuliza uvimbe) kwenye goti nazo ni marufuku wakati wa mashindano. "Nilipewa na mjomba" haimwokoi mtu, na dawa ya kienyeji isiyo na lebo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayejua kilichomo.

Mama_Sato
Daktari ameniogopesha, ila samaki wa kupikwa hawana neno 😄

Siku moja kabla ya mechi mchezaji anahitaji wanga gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 75, chukua 7, ni gramu 525. Wali ulioiva una gramu 28 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kwa wali pekee angekula karibu kilo 1.9. Hali mtu huyo. Ndiyo maana unagawa: uji wenye sukari asubuhi, mkate na asali saa 4, wali mchana, juisi, viazi vitamu jioni. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) ni wanga mzuri wa siku za mazoezi, lakini siku ya mechi viondoe, vinavimba tumboni. Maharage na kabichi pia, kuanzia jana yake mchana.

Mlo wa mwisho saa 3 hadi 4 kabla ya mpira. Sato wa kuchemsha au kuoka gramu 150 anampa protini gramu 35 hivi, anatosha, na mafuta ni kidogo. Sangara wa kukaanga ni mtamu lakini anakaa tumboni, awe wa baada ya mechi.

Dagaa wanunuliwe wa kwenye vichanja au nyavu. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchezaji akivunjika jino kambini hakuna atakayeamini ni dagaa.

Kona_Ya_Pili
Mmesahau mpira wenyewe. Timu 24, makundi 6, wawili wa kila kundi wanapita na washindwa bora 4 wa nafasi ya tatu. AFCON ya 2023 kule Côte d'Ivoire tulipata alama 2 tukashika mkia wa kundi: 0-3 na Morocco, 1-1 na Zambia, 0-0 na DR Congo. AFCON ya 2025 kule Morocco tukapata alama 2 zile zile: 1-2 na Nigeria, 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza. Tulilingana na Angola kwa alama na kwa tofauti ya magoli, tukawapita kwa magoli ya kufunga, 3 kwa 2. Yaani lile goli tulilofunga tukipoteza kwa Nigeria ndilo lililotuvusha. Kambini lazima kuwe na zoezi la "tumefungwa 2, dakika ya 75": nani anabaki nyuma, nani anaingia, na hakuna kufunguka ovyo.

Kuhusu kona: kwenye ile 1-1 ya AFCON 2023, Zambia walikuwa 10 uwanjani, tunaongoza, mshambuliaji wao Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88 kutoka kona. Kwa hiyo kona zifanywe mwisho wa mazoezi, watu wakiwa wamechoka, siyo mwanzo wakiwa wabichi. Dakika 15, mara mbili kwa wiki. Watatu walinde eneo mbele ya goli, wanne wakabe watu, mmoja ukingoni mwa boksi. Na kila anayeingia kutoka benchi awe anajua anamkaba nani kabla hajavuka mstari. Mabadiliko 5 yanavuruga ukabaji kuliko adui.

Rock_City_Damu
Nakubali. Swali la mwisho: kama ziwani hawaingii, miguu watapooza wapi?

Barafu_Mwaloni
Hilo ni letu. Pipa la lita 200, tia lita 120 za maji ya bomba. Huku maji yana nyuzi 25 hivi, unayataka 14. Kwa hesabu ni kilo 14 za barafu, ila nje kwenye joto andaa 18. Dakika 10 hadi 15, maji yafike kiunoni, kipimajoto kikae ndani. Kila anayefuata ongeza kilo 2 au 3. Mwaloni, soko la samaki hapo Kirumba, barafu haikosekani, lakini ile iliyokwisha kulaza samaki msiichukue, ina magamba na harufu, na mwenye mchubuko atapata kidonda. Agizeni mpya ya mabonge, ivunjwe ndani ya gunia safi. Na siku ya mazoezi ya uzito pipa lisitumike, baridi inapunguza faida ya misuli.

Wachezaji 23 kwa mapipa 6 ni raundi nne, saa nzima. Muwaambie wa basi mapema.