Tupeane uzoefu: chama cha wafanyakazi mashambani kilikutetea au kilikuuza?

Mwana wa Korona
Wakuu, jana nimepita Korogwe na basi, dirisha wazi, ikaingia ile harufu. Mliokulia kambini mnaijua: maganda ya mkonge yametoka korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, yamelala siku mbili juani. Abiria wa pembeni akaziba pua na mtandio. Mimi nikamkumbuka mama na ndoo yake.

Nikakumbuka na mwaka 2013. Kima cha chini cha mashambani kilipanda kikawa laki moja kwa mwezi, kambi nzima ikaimba. Wiki mbili baadaye nyapara akatangaza hesabu mpya: ngwe, kile kipimo cha kazi ya siku, imeongezwa mafungu ya majani. Ukimaliza ngwe umehesabiwa siku, usipomaliza umefanya nusu siku. Mama alikuwa anamaliza saa saba mchana, akawa anamaliza saa kumi na moja, na siku nyingine hamalizi. Laki moja ilikuwepo kwenye karatasi, mkononi hatukuiona. Tukakimbilia kwa mwakilishi wa chama, akatuambia "suala la ngwe ni la kiufundi."

Neno hilo sijalisahau. Leteni na ya kwenu. Mkonge, chai, miwa, maua, popote.

Mchuma Majani
Kiufundi 😂 Mufindi tuliambiwa mzani ndio wa kiufundi. Kilo mbili za kikapu zinatolewa kila unapopima, na siku ya mvua wanatoa nyingine eti majani yana maji. Kikapu chenyewe nilikipima kwa Mkinga wa dukani. Hakifiki hata kilo moja.

Deiwaka
Chama? Mimi nimekijua chama kwenye slipu tu.

Mama Pacha
Deiwaka umenena.

Fundo la Baba
Sikutaka kuandika hii ila Mwana wa Korona umenichokoza. Ni ndefu, mnisamehe. Wilaya silitaji, shamba silitaji.

Baba hakujua kusoma, ila kuhesabu alimshinda karani. Mkataji akishakata anafunga mafungu, fungu moja majani 30, anayapanga kandokando ya njia, jioni karani anapita na kuandika kwenye daftari lake. Wewe huna chako cha kuandikia. Basi baba akawa na kamba ya katani mfukoni mwa kaptula. Siku akimaliza ngwe anapiga fundo. Nusu ngwe anafanya kitanzi. Jumapili anaacha upana wa vidole viwili. Mwezi ukiisha mama anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, anaanza nyingine. Sisi watoto tulikuwa tunachapwa tukizichezea.

Mwaka 2016 mshahara ukakatika. Mwezi wa kwanza tukaambiwa mnunuzi wa katani hajalipa. Wa pili, benki. Wa tatu hawakusema kitu, wakafungua tu duka la mkopo la unga pale kambini. Asubuhi moja wakataji wakaweka visu chini, wakaenda kukaa chini ya mwembe mbele ya ofisi. Hakukuwa na kura, hakukuwa na barua, hakuna aliyejua kama vinatakiwa. Meneja akatoka, akawatazama, akarudi ndani. Saa nane mchana karani akabandika karatasi yenye majina 19. La baba lilikuwa la nne.

Katibu wa tawi alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja. Usiku ule alikuja kwetu, akala, akanawa, akasema: "Shemeji, tulieni. Mkoa wana taarifa, tunalishughulikia. Mkienda wenyewe mtaharibu."

Wakatulia. Kila Jumatatu walimtuma mtu kwake, akarudi na jibu lile lile. Baba alikuwa anaamka alfajiri, anakinoa kisu, anakaa kizingitini. Siku ya 52 mwalimu wangu wa hesabu alipita nyumbani kudai mchango wa shule, akamkuta. Akamuuliza, "Mzee, CMA mmeshajaza fomu?" Baba akauliza CMA ni mtu gani. Mwalimu hakudai tena mchango. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kuhesabu tarehe kwa vidole.

Wakuu, CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kuachishwa kazi una siku 30 kupeleka shauri huko. Zilikuwa zimeshapita. Wakajaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, sababu wakaandika ukweli: chama kilituambia tusubiri. Ikakataliwa. Kilichobaki ni madai ya mishahara, hayo yana siku 60. Walikuwa na siku nane.

Siku ya usuluhishi nilimsindikiza mimi, nilikuwa kidato cha pili, nimevaa sare maana sikuwa na nguo nyingine ya kutokea. Mwajiri alikuja na wakili na karatasi moja: hawa ni vibarua wa kutwa, wote walishalipwa. Daftari la mahudhurio je? Limeliwa na mchwa. Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa rambo, akatoa kamba tatu, akazinyoosha mezani. Wakili akacheka. Msuluhishi akavua miwani, akasema, "Mzee, nisomee."

Baba akaanza na kidole. "Hii Jumatatu. Hii Jumanne. Hapa mwiba ulinichoma goti, nikafanya nusu. Hapa mvua." Akifika kwenye nafasi ya vidole viwili anasema "Jumapili" na kidole kinaruka. Alienda hivyo mpaka mwisho wa kamba ya kwanza, na chumba kizima hakuna aliyemkatiza. Alipoishika ya pili msuluhishi akamwambia inatosha, akamgeukia wakili: "Sasa wewe niletee rejesta."

Walilipwa miezi miwili kati ya mitatu, kwa makubaliano. Kazi haikurudi. Mjomba mwaka ule ule akahamia nyumba ya bati, zile za manyapara. Baba alipofariki alituma rambirambi kwa simu.

Mchuma Majani
Nimesoma nikiwa kwenye daladala, kondakta ananidai nauli namwangalia tu.

Mama Pacha
Pole mno mdogo wangu. Hizo kamba mnazo bado?

Fundo la Baba
Moja, dada. Mbili tulimzika nazo.

Kifungu kwa Kifungu
Pole kwa msiba. Ila tusipotoshe watu humu wakaanza kupeleka kamba kwenye mashauri. Kilichowaokoa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15. Mwajiri ndiye anatakiwa kutunza maelezo ya ajira kwa maandishi. Asipoyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hata baba angekwenda mikono mitupu, rejesta ingedaiwa.

Fundo la Baba
Mkuu, nilikuwepo. Rejesta iliulizwa mara moja, jibu likawa mchwa, ikapita. Imeulizwa mara ya pili baada ya kamba, na sauti ilikuwa nyingine.

Deiwaka
Kifungu kwa Kifungu, umewahi kushika hata jani la mkonge wewe?

Kifungu kwa Kifungu
Sijashika, nimeshika mafaili ya waliolishika. Na nusu ya mafaili hayo yamekufa kwa sababu ile ile: siku 30. Watu wanakaa kwenye vikao vya kulalamika mpaka muda unaisha.

Tawi Namba Moja
Naona chama kinapigwa mawe, ngoja nami nijibu, maana nimekuwa mwakilishi miaka sita kwenye maua, upande wa Arusha. Si kila mwakilishi ni mjomba wa Fundo la Baba.

Msimu wa Wapendanao mnaujua? Januari yote mpaka wiki ya kwanza ya Februari watu wanatoka saa tano usiku. Sheria inasema ovataimu ni mara moja na nusu, na isizidi saa 50 kwa wiki nne. Kwetu walikuwa wanalipa saa za kawaida na soda. Tulikaa mezani miezi saba tukapata mkataba wa hali bora, ovataimu ikaandikwa na ikalipwa. Halafu dawa. Walikuwa wanapuliza banda, dakika ishirini baadaye kina mama wanaingizwa kukata. Macho mekundu, ngozi inabanduka vidoleni. Tulichopigania ni bendera nyekundu mlangoni: ikiwepo haingii mtu, na wa kuitoa ni mpuliza dawa, siyo supavaiza. Kitambaa cha shilingi elfu mbili kilitugharimu vikao vinne.

Na hakuna aliyetushukuru. Mtu analipwa ovataimu, mwisho wa mwezi anakuja kuniuliza kwa nini kakatwa asilimia mbili.

Deiwaka
Ndiyo nauliza mimi sasa! Sijawahi kujaza fomu yoyote ya kujiunga, mbona nakatwa?

Tawi Namba Moja
Hiyo ni ada ya uwakala. Chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi kinatambuliwa kujadiliana kwa niaba ya wote, na kikisaini makubaliano ya uwakala na mwajiri, asiye mwanachama naye anachangia. Mshahara ukipanda si unaupokea?

Deiwaka
Umepanda lini?

Tawi Namba Moja
Kima cha kilimo kilitoka laki moja kikawa laki na arobaini Januari 2023.

Deiwaka
Miaka kumi kwa elfu arobaini. Mkuu, nirudishie ada yangu.

Mama Pacha
😂😂 Tawi usikasirike. Mimi chama kilinisaidia, niseme ukweli. Nilijifungua mapacha, shamba likanipa siku 84. Mwakilishi wetu, dada mmoja mkali, akaenda ofisini na kijitabu cha sheria: mapacha ni siku 100. Nikaongezwa 16. Ila yeye mkataba wake wa miezi mitatu ulipoisha haukuongezwa. Wakasema msimu umeisha. Msimu ulikuwa umeisha kwake peke yake.

Mzee wa SILABU
Hamjambo vijana. Nawasoma tu, mimi ni mtoto wa manamba. Baba aliletwa Tanga toka Ufipa kwa lori la SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri watu wa mbali. Kazi ilikuwa kwa kipande: siku 30 za kazi, umalize ndani ya siku 42, ukiumwa shauri yako. Hilo la kuongeza ngwe mshahara ukipanda si jipya, alinisimulia mwenyewe.

Enzi hizo chama cha wakata mkonge kilikuwa na meno. Mwaka 1958 Mazinde waligoma wiki nyingi. Baada ya uhuru wakaendelea kugoma, serikali mpya haikupenda. Januari 1963 kiongozi wao Victor Mkello akaondolewa Tanga, akapelekwa Sumbawanga akae huko. Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa: "Mimi nimetoka Sumbawanga kutafuta maisha, mwenzangu kapewa Sumbawanga kama adhabu!"

Mwaka 1964 vyama vyote vikavunjwa ikaundwa NUTA moja, na Katibu Mkuu wake ndiye huyo huyo Waziri wa Kazi. Ukitaka kuishitaki serikali kwa chama, unamkuta mtu mmoja kwenye viti vyote viwili.

Mchuma Majani
Shikamoo mzee. Kumbe mjomba ana ukoo mrefu.

Mzee wa SILABU
Marahaba. Mrefu sana.

Kericho Moja
Jirani zenu wa Kenya tuko hapa pia tunasoma. Nyinyi mnalia juu ya mzani, sisi tunalilia hata huo mzani. Mashini zimekuja zinachuma chai, moja inafanya kazi ya watu wengi sana, nyumba za kampuni sasa ziko tupu. KPAWU, chama chetu cha wafanyakazi wa mashambani, wamepelekana kotini na kampuni miaka mingi juu ya hizo mashini. Mei 2023 watu walichoka, zikachomwa. Na kuna mtu alikufa siku hiyo. Sasa niambieni, hapo ni chama kifanye nini?

Deiwaka
Kichome mapema.

Tawi Namba Moja
Deiwaka unatania, wengine watakwenda jela kwa utani wako.

Kifungu kwa Kifungu
Kwa upande wa Tanzania mgomo halali upo. Shauri linakwenda kwa msuluhishi, siku 30 zikipita bila muafaka mnapiga kura chini ya chama, mkishinda mnatoa notisi ya saa 48. Mkikaa tu chini ya mwembe, mmejifukuzisha.

Mwana wa Korona
Mkuu, mtu hajala miezi mitatu unampa siku 30 na saa 48.

Siku ya 26
Samahani wakuu naingilia. Mimi nimeachishwa tarehe 3 mwezi huu, leo ni tarehe 28. Shamba la miwa. Katibu kaniambia nisubiri kikao cha Jumatano ijayo. Nisubiri au niende?

Deiwaka
Subiri, atakuletea rambirambi kwa simu.

Fundo la Baba
Kaka usisubiri. Tafadhali.

Tawi Namba Moja
Mimi ni mtu wa chama na nakwambia nenda leo. Kikao kitakukuta umeshafungua.

Kifungu kwa Kifungu
Chukua CMA Fomu Namba 1. Jaza tarehe ya kuachishwa bila kukosea. Kabla ya kuipeleka, nakala mpe mwajiri, asaini kwamba kapokea. Bila uthibitisho huo watakurudisha.

Siku ya 26
Niko getini. Mlinzi kaniambia nisubiri, sasa katoka na nakala yangu, meneja kakataa kusaini.

Mama Pacha
Piga picha!

Kifungu kwa Kifungu
Achana na picha. Itume kwa rejesta ya posta, risiti ndiyo uthibitisho wako.

Siku ya 26
Nimedandia bodaboda. Posta wanafunga saa ngapi?