Kikundi cha ukoo: Jumamosi kwa Babu

[08:14] Da Asha: Asalaam aleikum jamani. Narudia mara ya tatu. Jumamosi baada ya alasiri twende kwa Babu tukamrikodi yale ya 1972, alipouliwa Mzee Karume. Tarehe 7 Aprili hiyo inaingia na kila mwaka tunasema mwakani. Andikeni majina

[13:02] Da Asha: Mmesoma watu 23, kajibu mmoja, naye kaweka dole

[13:05] Sele Dar: Dole ndo jibu lenyewe dada 😂 mie naja na boti ya asubuhi, pweza atakuwepo?

[13:06] Mama Zuu: Pweza wa nani, mwaka jana ulikula mpaka sahani ya Babu

[13:11] Da Asha: Tusitoke kwenye mada. Waliokuwepo wanaondoka mmoja mmoja. Watoto wanajua Karume Dei skuli zimefungwa, basi, hawajui kama Mzee Karume, rais wetu wa kwanza Zanzibar, alipigwa risasi Ijumaa jioni kakaa anacheza bao pale afisi kuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP) Kisiwandui. Na Babu alikuwa na miaka 13, katumwa mafuta ya taa, anapita na chupa yake, anasikia mlio akadhani fataki mpaka akaona watu wazima wanakimbia wamewacha viatu. Viatu tu njia nzima, makubadhi, sandali, kimoja kimegeuka chini juu. Yeye chupa hakuiwacha, alimuogopa mama yake kuliko risasi

[13:15] Mama Zuu: Na Mzee Thabit Kombo, katibu mkuu wa ASP, alijeruhiwa palepale

[13:16] Da Asha: Ndiyo, akapona. Luteni Humud aliyempiga Mzee Karume alikufa siku hiyohiyo. Mie nataka Babu atueleze usiku wake ulikuwaje humo nyumbani

[14:40] Ba Khamis: Usiku wake tu? Mkianza mmalize. Baba yangu alichukuliwa na msuli wake na singlendi, hakujua bao wala bunduki, akakaa miezi minane, karudi hawezi kushika kikombe cha chai mpaka akishike kwa mikono miwili. Na jina lake halikujipeleka lenyewe. Wa nyumba ya mbele mnanifahamu

[14:41] Sele Dar: Duh. Kwa hiyo pweza ndo basi?

[14:41] Mama Zuu: Sele nyamaza

[14:43] Mama Zuu: Ba Khamis, yale si tuliyamaliza kwenye msiba wa Bi Mkubwa

[14:44] Ba Khamis: Mliyamaliza nyie. Mie nilikuwa makaburini nachimba

[14:52] Da Asha: Nakufahamu ami, ndo maana nataka yasemwe. Walikamatwa watu wengi mno, kesi ikaenda mpaka 1974, hata Babu kahukumiwa kifo naye yuko ndani huko bara, katoka 1978

[14:53] Sele Dar: BABU KAHUKUMIWA KIFO??

[14:53] Da Asha: Abdulrahman Babu!! Yule waziri!

[14:54] Sele Dar: Moyo ulishasimama wallahi

[18:33] Babu: Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, chupa, viatu, usiku ule hatukuwasha taa na mama katulaza wote chumba kimoja. Aliyemtaja kaka yangu namjua. Alinijia kabla hajafa akaniomba radhi nikampa. Hilo haliingii kwenye simu ya mtu. Ba Khamis, njoo Ijumaa baada ya sala, peke yako

[20:51] Ba Khamis: Nimesikia ami

[21:10] Da Asha: Ahsante Babu. Sasa jamani Jumamosi ipo au haipo? Mwenye simu ya kurikodi vizuri aje nayo, yangu imejaa

[21:12] Sele Dar: Mie tiketi nshakata

[21:34] Mama Zuu: Nitaangalia. Jumamosi si kuna harusi Bububu

[22:04] Da Asha: Harusi ya nani tena???