Naomba ushauri: ofisi inakataa kunipa hesabu za pesa za madini

Wandugu, jambo zenu. Ninatangaza kwenye redio ndogo hapa Lubumbashi, Kongo. Wasikilizaji wananiuliza kila wiki: pesa za madini za komini yetu (serikali ya mtaa) zinakwenda wapi? Swali ni la haki kabisa. Sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, iende kwa komini, sekta au utawala wa kimila ambako mgodi uko.

Nikaandika barua ya kuomba hesabu hizo, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya komini. Karani aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini ya chupa ya chai, akasema, “Papa, mambo haya si ya redio.” Muhuri wa kupokea alikataa kunigongea. Nimerudi mara tatu, na barua iko palepale, sasa ina alama ya duara ya chai.

Katiba, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Lakini nikiwasomea kifungu hicho wananitazama tu.

Wenye kujua, nisaidieni. Je, nipeleke nakala kupitia huisie (ofisa wa mahakama anayefikisha barua rasmi) ili niwe na ushahidi, au nitapoteza pesa bure? Ripoti za ITIE (mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini) naweza kuzitumia bila jibu la ofisi? Na nikitangaza kwamba wamekataa, tena tukaweka sauti mtandaoni, wanaweza kunishtaki kwa habari za uongo chini ya sheria ya dijitali (Code du numérique) ya 2023? Nina watoto wanne, siwezi kukisia.